Presha ya Watoto na Sufuria ya Shule

Tangu toleo lililopita, ambamo tulieleza kwa ufupi kwamba shinikizo la juu la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha, linaweza kumpata hata mtoto wa shule ya msingi, barua zimeingia kwa wingi kuliko mada nyingine yoyote ya mwaka huu. Nimechagua tano. Nimezifupisha na kuficha majina ya waandishi na shule zao, ila maswali yamebaki kama yalivyoulizwa.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na anasoma darasa la tano. Nilimpeleka zahanati kwa ajili ya mafua na kikohozi, wakampima presha wakapata 126 kwa 82. Nikaambiwa haina neno kwa kuwa haijafika 140. Lakini mama yangu mzazi ana presha, na mimi mwenyewe ilinipanda nikiwa na ujauzito wa mtoto huyu. Je, kweli haina neno? – Mama, Tanga

Marahaba, mama. Kipimo cha 140 kwa 90 ambacho wengi wamekizoea ni cha watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hapimwi kwa kipimo hicho, bali hulinganishwa na watoto wenzake wa umri, jinsia na kimo chake, na presha yake ikizidi ile ya watoto 95 kati ya 100 wa kundi hilo, tunasema iko juu. Kuanzia miaka 13, mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi wa watoto, uliotolewa Marekani mwaka 2017, unaiita 130 kwa 80 presha ya juu. Kwa mtoto wa miaka kumi, 126 kwa 82 ni namba iliyo juu ya tunayoitarajia, kwa hiyo hukukosea kuandika.

Hata hivyo usimpe mtoto jina la mgonjwa kwa kipimo kimoja. Mtoto aliyekuwa anakohoa, aliyepandishwa kitandani huku akihofia sindano, presha yake hupanda kwa saa ile na kushuka akishatulia. Ndiyo maana tunataka kipimo kirudiwe katika siku tatu tofauti kabla ya kusema lolote la uhakika. Siku ya kurudia, mwombe muuguzi amwache mtoto akae kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu au kibao, mkono wa kulia ukiwa wazi bila shati kukunjwa, na umewekwa usawa wa moyo. Jambo linalosahauliwa zaidi ni mkanda wa mashine. Mfuko wa mpira ulio ndani ya mkanda unapaswa kuuzunguka mkono kwa angalau asilimia 80. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, na mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba wa mtoto hutoa namba ndogo ya uongo, na hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa kuwa zahanati kadhaa nilizopitia zina mkanda mmoja tu, nao ni wa mtu mzima. Ukiona mkanda umefika kwapani na kushuka hadi kwenye kiwiko cha mwanao, omba upewe rufaa uende kituo chenye mkanda wa watoto.

Ikithibitika kwamba iko juu, daktari atapima mkojo na figo, atasikiliza moyo, na atapapasa mapigo ya mapajani, kwa sababu kwa watoto, hasa wadogo, presha huweza kutokana na ugonjwa wa figo au mshipa mkuu wa damu uliobana tangu kuzaliwa. Historia ya bibi yake na ya ujauzito wako mweleze bila kuacha kitu. Na mtoto akilalamika kichwa kinauma sana, akiona ukungu, akipata degedege, akivimba uso au akikojoa mkojo wa rangi ya chai, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi yenye wanafunzi zaidi ya mia tisa. Wazazi huchangia mahindi na maharage, nasi tunapika makande mchana. Nje ya geti kuna akina mama wanaouza mihogo ya kukaanga, krispi, soda, ubuyu na maembe mabichi. Kamati ya shule inataka tuanzishe mpango wa lishe na michezo ili kuwakinga watoto na presha. Tumefikiria kualika mtaalamu atoe semina. Je, huo ni mwanzo mzuri? – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, semina si vibaya, lakini ningekushauri isiwe mwanzo. Mtoto anaweza kukariri madhara ya chumvi, akaandika mtihani na kupata zote, kisha saa nane mchana akapokea sahani ya makande yenye chumvi ileile ya jana. Mtoto hachagui kinachotiwa kwenye sufuria wala hapangi ratiba ya vipindi, na kwa sababu hiyo mpango wenu uanze na watu wanaofanya mambo hayo mawili, yaani mpishi na mwalimu wa taaluma.

Sisemi haya kwa kukisia. Katika miaka ya 1980, shule mbili za bweni za Marekani, Exeter na Andover, zilifanya jaribio ambalo mpaka leo nalipenda kwa urahisi wake. Wapishi walipunguza chumvi katika upishi wao kwa zamu, mwaka mmoja jiko la shule moja na mwaka mwingine jiko la nyingine, na wanafunzi wakaendelea kula kama kawaida yao. Sodiamu waliyokula, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha, ilipungua kwa asilimia 15 hadi 20, na presha yao ikashuka kwa takriban milimita 1.7 za zebaki kwa namba ya juu na 1.5 kwa namba ya chini. Mtu mmoja akishuka hivyo hata hajui, lakini shule nzima ikishuka hivyo, na watoto wakaingia utu uzima wakiwa wameshazoea chakula kisicho na chumvi nyingi, faida yake ni kubwa.

Elimu ya darasani nayo ina kazi yake, ila kazi hiyo huonekana zaidi nyumbani. Mwaka 2013, huko Changzhi, kaskazini mwa China, shule 28 za msingi ziliingizwa katika utafiti ambamo nusu yake zilifundisha watoto wa darasa la tano kuhusu chumvi kwa muhula mmoja na kuwatuma waende kuwafundisha wazazi wao. Ukilinganisha na shule ambazo hazikufundisha, watoto walipunguza karibu gramu 2 za chumvi kwa siku, na watu wazima wa nyumba zao wakapunguza karibu gramu 3. Presha ya wale watu wazima ilishuka kwa milimita 2.3, ingawa kwa watoto wenyewe tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Kwa hiyo mkitoa somo, mpeni mtoto kazi ya kufanya nyumbani: apime kwa kijiko cha chai chumvi inayotumika jikoni kwao kwa siku, aigawe kwa idadi ya walaji, kisha alete jibu darasani. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, na mama atauliza mwenyewe inahusu nini.

Lazima pia nikuonye usiiahidi kamati makubwa. Huko Marekani, kati ya mwaka 1991 na 1994, mpango mmoja mkubwa uliofanyika katika shule 96 ulifanikiwa kupunguza mafuta katika chakula cha mchana na kuongeza nguvu ya vipindi vya michezo, lakini presha ya watoto haikutofautiana na ya wale wa shule nyingine. Mpango wa shule hauonyeshi matunda katika muhula mmoja kwenye mashine ya presha. Upimeni kwa vitu mnavyoweza kuvihesabu wenyewe: kilo za chumvi zinazonunuliwa kwa mwezi, siku ambazo mboga za majani na matunda vimepikwa au kugawiwa, na dakika ambazo watoto wamecheza kweli.

Kuhusu geti, sitaki muwafukuze wale akina mama. Wengi wao ni wazazi wa shule hiyohiyo, na wanachouza ndicho walichoona watoto wanakinunua. Waiteni mkae nao. Embe bichi lenyewe ni tunda jema, lina potasiamu inayosaidia figo kutoa sodiamu; tatizo ni kile kikopo cha chumvi na pilipili kilicho pembeni, ambamo mtoto huchovya kila kipande kabla ya kukitia mdomoni, na akimaliza embe hulamba iliyobaki kiganjani. Ombeni kikopo kiwe cha pilipili na ndimu. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai, nayo humnenepesha mtoto bila kumshibisha. Hiyo na krispi kamati inaweza kuziwekea kanuni kwamba haziuzwi saa za masomo, na mahali pake zikaingia ndizi mbivu, karanga za kuchemsha, mahindi ya kuchoma yasiyopakwa chumvi, machungwa na miwa. Afisa lishe wa halmashauri yenu ana wajibu wa kuwasaidia katika hili, na serikali ina mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi ambao mnaweza kuuweka mezani kikao kitakapokuwa kigumu.

Sasa michezo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli za kumfanya aheme, na walau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli za nguvu zaidi. Shule haiwezi kutoa zote, lakini inaweza kutoa nusu. Uwanja mnao na kamba mnazo. Kinachokosekana ni kipindi cha michezo kutoibwa na hisabati mitihani inapokaribia. Na kwenye michezo yenyewe, wahesabuni watoto wanaosogea. Mpira mmoja wa miguu kwa darasa la watoto sabini maana yake ni watoto ishirini na wawili wanakimbia na arobaini na wanane wamekaa chini ya mwembe wanashangilia. Rede, nage, kuruka kamba na mbio za kupokezana vijiti huwachezesha wengi kwa wakati mmoja na gharama yake ni ndogo. Mashindano ya UMITASHUMTA, yale ya michezo ya shule za msingi Tanzania, ni mazuri, nayapenda, lakini yanamtafuta mtoto mwenye kipaji, wakati mtoto ninayemwazia mimi ni yule mzito anayejificha nyuma ya darasa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo ningependa kamati ilijadili kwa uzito. Mnapomwadhibu mtoto kwa kumkimbiza mizunguko kumi ya uwanja au kumrusha kichura, mnamfundisha kwamba kuutoa mwili jasho ni aibu ya mkosaji. Nimekutana kliniki na vijana wa sekondari wanaouchukia mwendo wowote wa haraka, na nikiwachimba naambiwa habari ya kichura. Tafuteni adhabu nyingine.

Daktari, mimi ni mpishi wa shule ya bweni, wanafunzi mia nne. Matroni ametuagiza tupunguze chumvi, lakini tukipunguza watoto wanagoma, wanasema chakula cha hospitali. Kuna siku walirudisha maharage yote. Tufanyeje? – Mpishi, Iringa

Dada yangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu katika mambo haya wewe una uwezo kuliko mimi daktari.

Tuanze kwa hesabu. Tuseme kwa chakula kimoja unafungua pakiti mbili za nusu kilo. Hizo ni gramu 1,000. Ukigawa kwa wanafunzi 400, kila mmoja amekula gramu 2.5. Akila vivyo hivyo mchana na usiku zinakuwa gramu 5, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai, na hicho ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Mtoto anapaswa kubaki chini yake. Na hapo hatujahesabu krispi za kantini wala zile tambi za pakiti wanazolowekea maji ya moto bwenini.

Kosa lenu lilikuwa kupunguza kwa ghafla. Ulimi huzoea taratibu. Acha kutia chumvi kwa kiganja au kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye pakiti. Tafuta kikombe kimoja, kiwekee alama, na chumvi yote ipite humo. Wiki mbili za kwanza tia gramu 900 badala ya 1,000. Wiki mbili zinazofuata 800. Kisha 700, na uendelee hivyo bila kutangaza lolote kwenye foleni ya chakula. Mtoto akiambiwa kwamba leo chumvi imepungua, ataikosa hata kama hukuipunguza. Vibakuli vya chumvi viondolewe mezani mapema kabisa, la sivyo watajirudishia wenyewe. Na chumvi utakayoitumia iendelee kuwa ile yenye madini joto, maana hatutaki kukwepa presha tukaangukia rovu.

Ladha itafutwe kwingine. Kaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi ya kahawia badala ya kukitupa kibichi kwenye maji. Tia kitunguu saumu, tangawizi, hoho na karoti. Nyanya iache iive hadi ikauke maji. Ndimu ikamuliwe mwishoni sufuria ikiwa imeshuka. Viungo vya mchuzi vya pakiti viangalie kwa jicho kali, kwani vingi vyake kitu cha kwanza kilichoandikwa nyuma ni chumvi. Dagaa na samaki wa chumvi waloweke, mwaga maji, osha tena, kisha usitie chumvi nyingine kwenye mboga hiyo.

Sijui kama unatumia magadi kulainisha maharage na makande, lakini wapishi wengi wa shule hutumia ili kuokoa kuni, nami naelewa. Magadi nayo ni sodiamu. Haina ladha ya chumvi, hivyo hakuna anayeihesabu, ila mwilini inaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale na uinjike kwa maji mapya. Yataiva mapema bila magadi, na kuni utaokoa vilevile.

Mtoto wangu ni mwembamba sana. Naweza kusema presha haimhusu? – Baba, Mombasa

Hapana, bwana, huwezi kusema hivyo moja kwa moja. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watoto 4 kati ya 100 duniani wana shinikizo la juu la damu. Kwa watoto wenye unene uliokithiri walikuwa kama 15 kati ya 100, na kwa wenye uzito wa kawaida karibu 2 kati ya 100. Wawili hao wapo, na mara nyingine ndio wenye tatizo la figo au waliozaliwa njiti. Mtoto mwenye afya apimwe mara moja kwa mwaka kuanzia miaka mitatu. Zaidi ya hapo, mtoto mwembamba asinyimwe chakula wala mafuta kwa hofu ya presha; chumvi ndiyo ipungue, na sahani yake ijae.

Mimi ni msichana wa kidato cha pili. Zamani nilikuwa nacheza netiboli, sasa nimeacha. Kaptula zinanionyesha maumbile na wavulana wanacheka, na siku zangu zikifika naogopa kuchafuka. Mwalimu anasema mimi ni mvivu. Daktari aliniambia presha yangu iko juu kidogo na nifanye mazoezi. Je, kazi za nyumbani zinatosha? – Mwanafunzi, Zanzibar

Binti yangu, wewe si mvivu. Ulichokieleza ndicho kinachowaondoa wasichana wengi uwanjani wanapovunja ungo, na ni watu wazima wanaopaswa kukitatua. Kazi za nyumbani zinahesabika zikikufanya uheme: kuteka maji na kubeba, kufua kwa mikono, kupiga deki nyumba nzima kwa nguvu. Kuosha vyombo ukiwa umekaa kwenye kibao hakutoshi. Njia nzuri ya kujipima ni hii: ukiwa kwenye kazi hiyo uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Kwenda na kurudi shule kwa miguu kwa mwendo wa haraka, nusu saa kwa siku, ni zoezi kamili. Kuruka kamba uani na dada zako jioni pia. Suruali pana na fulana ndefu au baibui jepesi la michezo havimzuii mtu kucheza netiboli, na shule haina sababu ya kiafya ya kulazimisha kaptula. Unapokuwa kwenye siku zako mazoezi hayakudhuru, na wengi hupata nafuu ya maumivu ya tumbo. Unachohitaji ni pedi, maji na choo chenye mlango unaofungika.

Kata ukurasa huu umpelekee mwalimu wa michezo pamoja na matroni, na uwaambie kwamba nimewaomba mambo mawili: wasichana wapewe ruhusa ya kuchagua vazi la michezo, na siku mbili kwa wiki uwanja uwe wao bila watazamaji. Na wewe, rudi kwa daktari wako tarehe aliyokupangia, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu presha ya kiwango chako haiumi popote na haiwezi kujulikana imeshuka au imepanda mpaka ipimwe.